Jioni ya Baba

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi tunapumua. Paa la jikoni bado linavuja palepale ulipoahidi kupaziba, nami sikusemi, naeleza tu hali ya nyumba. Baba bado anabishana na redio, hata inapotaja saa. Macho ndiyo yamekwisha kabisa. Tangu mvua zilizopita haoni hata kivuli cha mkono wake.

Ulisikia kwamba nimepewa kazi kubwa hapa kituoni. Ni hivi: mitambo yetu mitatu ya kufua umeme hailingani. Kila mmoja una kiasi cha maji unachokipenda. Ukiupunguzia au ukiuzidishia, unapoteza. Nilipima maji yanayoingia na umeme unaotoka, mtambo kwa mtambo, nikatengeneza modeli kwenye kompyuta inayoonyesha ufanisi wa kila mmoja na upi uwashwe wakati gani. Bwawa limeshuka mno, kaka. Modeli ikasema wazi kwamba mtambo wa tatu, ule alioulea Baba mpaka akastaafu, ni mlafi wa maji, na kwamba ile miwili inaweza kubeba mzigo wa jioni peke yake. Nilirudia hesabu nikitafuta kosa, tena kwa moyo wote. Sikulipata. Meneja akanipongeza mbele ya wenzangu, na mtambo wa tatu ukazimwa.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikulifikiria. Mtambo ule ulikuwa unawashwa jioni tu, watu wanapowasha taa na kupika. Nyumba yetu unaijua, imepakana na kituo, na mlima unalificha jua mapema, kwa hiyo joto la jua kwenye ngozi halimwambii Baba kitu. Jioni alikuwa anaijua kwa ngurumo ya mtambo ule. Ikianza, anakunja kiti chake, anaingia ndani, anakula chakula nilichomwachia. Hakuniambia hata siku moja, nami na macho yangu mawili sikuona.

Siku ya kwanza nilipotoka zamu nilimkuta kibarazani, giza limeshaingia, umande umemlowesha mabega. Nikamwambia aingie. Akasema bado mchana, akacheka, akaniuliza tangu lini mimi Kidomodomo wake najua saa kuliko mtambo. Nikamdanganya kwamba umeharibika, mafundi wanautengeneza. Basi akawa anausubiri. Kila nikirudi namkuta amegeuzia sikio upande wa kituo, chakula kimepoa, naye anawaonea huruma mafundi kwa kazi ngumu. Amekonda, kaka. Inaniuma kumtazama.

Njia ya mwongo ni fupi. Juzi, nikimkata kucha, aliniambia kwa upole kwamba mtambo ukitengenezwa husikika nyundo, naye hajasikia nyundo. Akaniuliza kama niliyeuzima ni mimi. Nikakubali, nikalia mpaka mkasi ukanidondoka. Akauliza kama hesabu yangu ni sahihi. Nikasema ni sahihi. Akasema basi usiwashwe, maji ni ya watu wote. Akaomba kitu kimoja tu: awepo mtu wa kumwambia jioni ikifika.

Mimi siwezi, jioni niko zamu. Nikamuuliza angependa awe nani, nikidhani atamtaja jirani. Alinipa kwanza mkono wa pili niukate kucha. Kaka, alikutaja wewe.

Najua hamjasemezana tangu tulipomzika Mama, na najua maneno mazito aliyatamka yeye. Sikuombi umsamehe, hayo ni yenu wawili. Naomba upige simu. Nimemwekea simu mfukoni, na kuipokea anajua. Huko kwenu ng'ambo kutakuwa bado mchana mweupe, lakini wewe fuata saa yetu. Mwambie tu, Baba, jioni imefika, ingia ndani.

Nisalimie wifi, nibusie watoto, hasa yule mwenye masikio ya babu yake. Kila nikitoka zamu nitatazama kwanza kibarazani kama kiti kimekunjwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kidomodomo