Nyumba ndani ya kuba

Alhamisi, siku ya kumi ya Rajabu

Bado namfikiria yule mama.

Nimejenga makuba matatu kule Pangani, yote kwa kuyashikiza kwa boriti za mikoko zilizopindwa, mpaka chokaa ikauke. Hapa Usa, huku bara, mikoko hakuna. Miti niliyokata ilikuwa mikavu, kila nikiipinda inakatika. Na Mdachi mwenye shamba amesema kuba dogo la juu ya paa lake likianguka, nitarudi pwani kwa miguu.

Wiki iliyopita mama wa Kimeru anayetuletea maji alinitazama akacheka. "Fundi, si unajenga nyumba? Miti ya nyumba hupindwa ikiwa mibichi." Akapanda juu ya paa mwenyewe, akafunga fito mbichi kwa kamba za mgomba, kama wanavyofunga nyumba zao za mviringo. Nilinuna, lakini mawe na chokaa nilivipanga juu ya fito zake.

Leo chokaa imekauka, nilijipenyeza ndani nikazikata fito moja moja, roho juu. Kuba likasimama.

Nilipoinua macho, chokaa ilikuwa imeshika alama za fito zote, mpaka mafundo. Kwa nje ni kuba la Pangani. Ndani ni nyumba ya Mmeru.

Nikamwita yule mama aone. Akatazama, kisha akauliza, "Moto utawashwa wapi?"

Miaka yote hii sijawahi kujiuliza ndani ya kuba anakaa nani.

Mdachi ameagiza ndani palainishwe kwa chokaa. Nimemwambia kazi hiyo tayari, na alama za fito sikuzigusa. Kwa tumbo lile, hatapenya kukagua.