Siku Waliyonipigia Makofi Kiwandani

Alhamisi. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Nimeoga lakini mikono bado inanuka grisi na mashudu. Chakula kipo mezani, sina hamu nacho.

Leo nimepigiwa makofi kazini, na sijawahi kujisikia vibaya namna hii.

Mimi ndiye msimamizi wa matengenezo kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Tuna mashine mbili: kubwa, ambayo msimu huu haipumziki, na ndogo iliyokufa zamani. Kwa wiki kadhaa ile kubwa imekuwa ikiunguruma vibaya upande wa beringi. Nilimwomba meneja tuisimamishe siku moja tu, tubadilishe beringi, tunyooshe shafti, turudishe na kinga ya chuma inayozuia mtu asinaswe na mkanda. Akasema tusubiri msimu uishe. Wakulima wa Chemba na Kondoa wamejaa getini na magunia yao, tutawaambia nini?

Leo asubuhi beringi ikapasuka.

Vipande vya chuma viliruka. Kimoja kiligonga bati juu tu ya kichwa cha Zuhura, dada anayelisha alizeti kwenye mashine. Hakuumia. Alikaa sakafuni akajishika kichwa kwa mikono miwili, kama anayehakikisha bado kipo.

Meneja alikuja mbio. Hakumuuliza Zuhura kitu. Alinigeukia mimi: "Injinia, itawaka saa ngapi?"

Nikamwambia beringi mpya mpaka itoke Dar.

"Mbona mwezi uliopita uliiwasha bila kusubiri Dar? Wewe mashine hizi zinakusikia."

Basi nikafanya ninachojua kufanya. Nilifungua mashine ndogo, nikatoa beringi yake iliyochakaa, ya saizi ileile, nikaifunga kwenye kubwa. Mchana kutwa nimelala chini ya chuma. Jioni ikawaka. Wenzangu wakapiga makofi, wakulima wakashangilia, meneja akanipa mkono mbele ya watu wote. Nikaona hapo ndipo pa kumkumbusha ile siku yangu moja ya matengenezo.

Alicheka. "Ya nini tena, na imeshapona?"

Nimeelewa sasa. Kila ninapoifufua, ninamthibitishia kwamba matengenezo hayana haja. Nimesomea kuzuia mashine zisiharibike, na kumbe kazi niliyoajiriwa ni kuficha kwamba zimeharibika.

Laiti ingekuwa ni hilo tu.

Wakati nachukua mkoba wangu niondoke, Zuhura, ambaye ameongezewa zamu ya usiku kufidia muda uliopotea, alinifuata. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada Neema, nisimame wapi?"

Hakuuliza kama ni salama. Nadhani alishaliona jibu usoni kwangu.

Nikamwonyesha upande wa ukutani, mbali kidogo na mkanda. "Simama hapa." Kana kwamba chuma kikiruka kitamkwepa kwa sababu mimi nimemchagulia mahali. Akaenda, akasimama palepale. Akanishukuru.

Alinishukuru!

Nimefikiria kuacha kazi. Nikiacha, ataajiriwa mhitimu mwingine kutoka chuo kikuu pale Chimwaga, ataambiwa mashine zinamsikia, na ataiwasha. Nimefikiria kumpigia meneja simu. Nimempigia. Kaniambia nilale, nimechoka.

Sina imani tena kwamba pale patabadilika. Nikiizima leo, asubuhi watapata mtu wa kuiwasha, na mimi huenda nisiruhusiwe kupita getini. Nalijua hilo vizuri, na naogopa. Mama yangu ananitegemea, na sijui nitaanza vipi kumweleza.

Lakini ninapoandika haya Zuhura yuko pale, mgongo wake umeegemea ukuta, akisikiliza beringi niliyoifunga mimi kwa mikono yangu.

Sijui kesho nitaitwa nani kiwandani pale. Navaa viatu. Naenda kuizima.