Nyasi Mlangoni Kwangu

Jumapili, mwezi wa tisa. Jua limewaka tangu asubuhi, upepo wa barabarani umejaa vumbi, na mimi sina nguvu hata ya kukunja nguo.

Leo mama mkwe amekuja na fagio lake.

Mwanangu Kabula ana kifua. Kiangazi kikishika hapa Tinde, malori yakipita, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria, naye anaanza kulia kifuani kama amemeza kifaranga. Daktari aliniambia nipunguze vumbi. Nikamuuliza, nilipunguzeje, nilikataze lisije? Akacheka. Mimi sikucheka.

Mbegu nilipewa na Mama Salma, ninayemfulia nguo. Ni nyasi za sehemu za baridi, shemeji yake alizileta kutoka Njombe. Nyasi zetu hukauka mvua ikikata, ila hizi huchipua kipupwe, wakati huohuo vumbi linapoanza.

Mara ya kwanza nilizifagia.

Nilikuwa nimezipanda vizuri tu. Nilikwatua udongo juu juu, nikafunika na samadi iliyochekechwa, nikanyunyiza maji asubuhi na jioni. Zikatoka laini kama nywele za kichanga. Halafu alfajiri moja nikaamka na usingizi wangu, mkono ukashika fagio wenyewe, nikafagia uwanja wote kama nilivyofundishwa tangu utotoni. Nilipozinduka, nyasi zangu zilikuwa kwenye rundo la takataka.

Ndivyo tulivyokulia. Uwanja ni udongo mtupu, umefagiwa, na asubuhi unausoma: hapa kapita mbuzi, hapa nyoka, hapa mtu. Nyasi mlangoni ni mahame. Ni nyumba ambayo mwenyewe hayupo.

Nikapanda tena, fagio nikalificha darini. Safari hii zikashika. Simwagilii kila siku sasa, nalowesha sana kisha naziacha, ili mizizi ishuke kutafuta maji chini. Natumia maji ya kusuuzia nguo, yale yasiyo na povu. Nikizikata kwa mundu naziacha ndefu, maana ukizinyoa jua linaunguza shina.

Kabula analala mdomo umefungwa. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nalala nimemkalisha kifuani kwangu.

Lakini simu ya Baba Kabula haipatikani tangu nyasi zishike.

Yuko machimboni, upande wa Geita. Mwenzake aliniambia wamesikia dhahabu imetoka porini huko, watu wakakimbilia, naye yumo, na huko hakuna mtandao. Wachimbaji ndivyo walivyo, najua. Najiambia hivyo nikikamua mashuka.

Mama yake hajiambii hivyo. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alisimama barabarani, akakataa kukanyaga uwanja.

"Mama Kabula, umemzika mwanangu angali hai."

"Mayu, mama yangu, ni majani tu. Mjukuu wako anapumua."

"Mtoto atapona kwa dawa. Wewe unalima majani, kwani una ng'ombe wa kulisha? Ng'oa hayo, binti yangu. Ng'oa, atarudi."

Akalaza fagio chini, akainama, akaanza kung'oa mwenyewe pembeni. Nilimshika mkono. Sikuuachia mpaka aliposimama. Nikampa maji ya kunywa, akanywa huku analia, akaondoka bila kuaga.

Sijawahi kumshika mama mkwe mkono namna ile.

Na sitasema kwamba siamini kabisa. Zamani nilijua Baba Kabula amefika kwa kandambili zake, zilikwaruza udongo, nami nikabandika chai. Sasa nyasi zinameza hatua. Mchana nikiwa peke yangu nasikia mchakacho kwenye nyasi, natoka, hakuna mtu. Nainama kutafuta alama ya mguu. Hakuna alama yoyote, ya aliye hai wala ya asiye hai.

Jioni nilisimama na ndoo. Joto la mwezi huu si la nyasi za baridi, zimeanza kugeuka rangi pembezoni. Nikawaza, nisipomwagilia zitakufa zenyewe. Mama mkwe atatulia. Hakuna atakayesema nilichagua. Nami nitapiga ile namba, labda itaita.

Nilisimama hapo mpaka mkono ukaniuma.

Kabula akatoka ndani, akajilaza chali kwenye nyasi, akaniambia, "Mama, nisikilize." Akavuta pumzi ndefu, akaiachia. Haikulia. Akafanya tena, akicheka, kama mtu anayeonyesha viatu vipya.

Nikamwaga ndoo yote. Nikarudi kujaza nyingine.

Baba Kabula, kama uko hai, njoo ugombane na mimi, nitakusikiliza. Kama hauko hai, si nyasi zilizokuua.

Sentensi hiyo nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena. Sasa naiacha.