Ukoo wa Mnyonya-Damu

Jumanne, 1 Julai

Maziwa ya ngamia yamekwisha mapema. Hooyo, mama yangu, kafurahi, kwa hiyo mchana wote ni wangu. Nimejitupa mkekani na simu, nikamaliza kuandika sura ya tisa ya hadithi yangu. Idris kamuuma Zamzam shingoni, taratibu, na Zamzam hakulia. Nimejipenda leo.

Nimewatumia mabinamu, wamepagawa. Naima anasema huyo mnyonya-damu ni wake, asiguswe. Liban hatajwi na mtu. Maskini Liban, kazi yake kuchanja mbuzi, kumpenda Zamzam kimyakimya na kunuka dawa ya kupe. Nimemtoa kwa Bashir, anayeuza dawa za mifugo mkabala na meza yetu ya maziwa. Bashir mwenyewe hajui. Na mimi sijui kwa nini namwandika vibaya mtu ninayemtazama kutwa.

Baada ya Alasiri nimemsomea ayeeyo, kwa Kisomali, sentensi kwa sentensi. Nyanya yangu husikiliza huku anasokota kamba. Kamba ikisimama, najua nimeandika vizuri. Leo ilisimama mara mbili.

Jumamosi, 5 Julai

Leo ayeeyo kanikatiza pale penye mbalamwezi. Anataka kujua Idris ni mtoto wa nani. Nikasema ni wa hadithi tu, ayeeyo. Akasema hata fisi ana kwao.

Kwetu mtu asiye na ukoo hasikilizwi. Unataja baba, babu, baba yake babu, unapanda hivyo mpaka anayekuuliza atosheke. Basi nikataja. Idris Abdullahi Yusuf Hirsi Samatar Warfa, watu wa mji wa Diff. Sikusita hata jina moja. Ayeeyo akayarudia polepole, karidhika.

Halafu kaniambia nivue mtandio aitazame shingo yangu. Nimecheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

Jumatano, 9 Julai

Siku mbaya.

Naima, ambaye mdomo wake hauna mlango, jana alikwenda kununua dawa ya minyoo, akamsomea Bashir sura ya nne. Ile ambayo Liban anakuja kuposa na wageni wanahamia upande wa pili wa chumba kwa harufu. Bashir hakuhitaji kuambiwa Liban ni nani.

Kila asubuhi huvuka barabara, husema "Hibo, mmeamkaje?" na kununua kikombe kimoja. Husimama palepale juani akinywa, kama hana duka la kufungua. Leo kanunua kwa mama wa meza ya pili. Hakunitazama.

Mchana Naima kaleta la pili, macho chini. Bashir anahamia Ijara. Tajiri wake anafungua duka huko, alimwomba aende, mara mbili akakataa. Jana kakubali. Anaondoka wiki ijayo.

Nina hasira na Naima. Nina hasira zaidi na nafsi yangu. Siwezi kuvuka barabara kumwambia abaki. Msichana haendi. Nikienda, Adhuhuri haijaadhiniwa mtaa mzima wa Waberi umejua, na hooyo ndiye wa kwanza.

Ninampenda. Haya, nimeandika.

Ijumaa, 11 Julai

Ayeeyo kapiga simu Diff.

Ana mpwa wake aliyeolewa huko. Kamuuliza, hao kina Abdullahi Yusuf ni watu wa namna gani, maana kijana wao anamtaka msichana wetu na anauma. Kasema hivyohivyo. Anaamini Zamzam ni mimi. Anadai wasichana wa nyumba hii hawajui kusema jambo lao, hata hooyo zamani alianza na "kuna msichana fulani". Na kuuma ni jeraha, anasema, jeraha lina fidia ya ngamia, na ukoo mzima hulipa, hata kama msichana alipenda kuumwa.

Nimeapa hakuna Idris. Kanipapasa kichwa tu.

Mdomo huponza kichwa. Na majina yale sikuyabuni. Nilikoyatoa siandiki, hata hapa.

Sikuandika sura leo. Mabinamu wanalalamika.

Jumapili, 13 Julai

Amekuja mgeni. Mzee mrefu, ndevu za hina, kashuka jana kutoka Diff kwa sababu ya simu ya ayeeyo. Na aliyemleta mpaka mlangoni kwetu ni Bashir. Ni adeer wake, ndugu wa marehemu baba yake.

Nikaleta chai. Nilitamani sinia linifunike.

Mzee akaomba kusikia ukoo wa huyo kijana muumaji. Ayeeyo akautaja wote, hakukosea jina. Mzee akahesabu kwa vidole, akarudia tena. Akasema ukoo ni wetu, umepangwa sawasawa. Lakini marehemu ndugu yangu Abdullahi alizaa mtoto mmoja tu. Ndiye huyu hapa, jina lake Bashir, na tangu aote meno hajamuuma mtu.

Hooyo akaweka kikombe chini.

Sasa naandika. Miezi mingi iliyopita nilikwenda dukani kununua dawa ya mbuzi. Mzee mmoja alikuwa akimuuliza Bashir kwao, na Bashir akataja, jina baada ya jina. Nilisikia mara moja tu. Kuanzia siku hiyo nayasema nikifua, nikichota maji, nikipanga mitungi. Nilipoulizwa ukoo wa Idris, ndio uliokuwa mdomoni. Nilibadilisha jina la mbele tu.

Na kwetu kila mtu anajua. Hakuna anayebeba ukoo wa mwanamume kichwani bure. Ayeeyo kanitazama, kisha Bashir, kisha akarudi kwenye kamba yake. Mapenzi ni kikohozi, na mimi nimekohoa mbele ya wazee.

Nikasema kwa sauti kwamba Idris ni wa kubuni na sina alama shingoni. Hakuna aliyenisikiliza. Bashir alikuwa akiangalia chai yake na kucheka ndani ya kikombe. Aibu ilinivaa kuanzia kisigino. Lakini si aibu mbaya.

Jumanne, 15 Julai

Upepo, vumbi, maziwa kidogo. Siku nzuri.

Asubuhi Bashir kavuka barabara. Hibo, mmeamkaje. Kanunua kikombe kimoja, kanywa akiwa amesimama juani, jasho linamtiririka. Ijara atakwenda mtu mwingine. Kaniomba jambo moja, nimtafutie Liban sabuni.

Nimemtafutia. Sura ya kumi, Liban kaoga na Zamzam kamfungulia mlango mchana kweupe. Mabinamu wamenuna. Naima hajibu kabisa. Shauri yao.

Yule mzee karudi Diff. Kamwachia hooyo neno kwamba atakuja tena na wenzake, safari hiyo na jina sahihi la mbele. Hooyo kanunua vikombe vipya vya chai na anajifanya vilikuwa vinahitajika.

Jioni ayeeyo kauliza habari za Idris. Nikamwambia ameondoka. Kamsikitikia kidogo. Kasema mtu asiyelala usiku angetufaa sana kulinda mbuzi.