Feni Iliyogombana na Upepo wa Ziwa

Ngana, Kyela

Kwako Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti nalo limeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ningekupigia simu, lakini wewe simu unaiweka sauti ya juu, Talatala nzima inasikiliza, na hili si la Talatala nzima.

Unakijua kile kitalu nyumba cha nyanya, ambacho Baba mkwe alikubali kokoa yake ikatwe ili tukijenge. Kilitaka kutushinda. Mkweo Godwin aliiga vipimo vya Tukuyu, utadhani Kyela nako kuna baridi! Maua yakapukutika yote, nami nikawa naona aibu hata kupita karibu na nyumba ya wakwe.

Basi nikakaa nikapiga hesabu. Urefu mita kumi na tano, upana nane, kimo tatu: hewa yote ni mita za ujazo mia tatu na sitini. Bwana shamba alinieleza kwamba kwa joto letu hewa hiyo itoke yote kila dakika, iingie nyingine. Feni yetu ilikuwa inatoa nusu tu. Tena nilihisi imeelekezwa kubaya. Nikafunga mlango, nikawasha pumba mbichi za mpunga kwenye chungu, nione moshi unakwenda wapi. Ukanirudia mimi mwenyewe. Upepo wa mchana unatoka ziwani, na feni ilikuwa inausukuma urudi huko huko! Badala ya kukimbia, mwanao nikabaki nafurahia kwamba nimepata jibu. Nikaanguka.

Sasa tumeigeuza feni, tumeongeza ya pili, na upande wa ziwani tumeweka wavu. Maua yameshika.

Lakini sijakwambia nani alinitoa. Siku ile wote walikuwa mpungani, nyumbani amebaki Baba mkwe peke yake. Mila yetu unaijua: tangu niolewe hatujawahi kutazamana, nikisikia anakohoa njiani najificha migombani. Mzee yule aliingia kwenye moshi, akanibeba mikononi mwake mpaka uani. Mama mkwe anasema wazee wenzake walipomuuliza amewezaje kumshika mkamwana wake, aliwajibu, "Ningemwambia nini baba yake?"

Baba, mimi siruhusiwi kusimama mbele yake nimshukuru. Wewe unaruhusiwa. Njoo Ngana, umshike mkono, umwambie ndaga fijo kwa niaba yangu. Mimi nitakuwa nyuma ya ukuta, nasikiliza.

Msalimie sana Mama, na mdogo wangu Angetile pia.

Binti yako akupendaye,
Kisa