Mguu wa Kushoto Utatangulia

Madale, Jumatatu

Mdogo wangu Bakari,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia, basi nimeitikia kabisa. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Mie kwa mwanangu Rajabu nalishwa vizuri, ila habari niliyonayo si njema, na simu nimeikwepa makusudi. Kwenye simu ungelia, nami ningelia, na la maana lisingesemwa.

Kile kidonda cha kidole kimenishinda. Sukari imeutafuna mguu, na Alhamisi madaktari wanaukata chini ya goti. Wa kushoto, Bakari. Daktari ni kijana, hajui alichoshika. Rajabu alipomwambia kwamba mguu huo ulikuwa ukifunga mabao kila wiki, alitabasamu tu, akaendelea kuandika.

Simlaumu. Nani anakumbuka? Sie ndio tulikuwa wa kwanza kwenye timu yetu kuandikiwa mkataba na kulipwa kwa kucheza, na bado ualimu sikuuacha. Ijumaa nafundisha hesabu Temeke, Jumamosi nipo uwanjani. Madaftari nilikuwa nayasahihishia kwenye chumba cha kuvalia, wenzangu wakinicheka, naingia kucheza vidole vina wino mwekundu. Raha niliyoipata siwezi kuikana.

Sasa nisikilize. Juzi muuguzi aliniuliza, "Mzee, mguu mtauchukua mkauzike wenyewe?"

Rajabu akadakia, "Sista, tutauzika hapahapa Madale, hiyo siyo ishu."

Nikamwambia hapana, unakwenda Newala, kwa mama. Akanikodolea macho. "Baba, mguu unasafirije mpaka Newala? Na baba mdogo atakubali kweli kuchimba pembeni ya kaburi la bibi?"

Makaburi ya kwetu unayatunza wewe, kwa hiyo ruhusa ni yako. Lakini siwezi kukuomba kabla sijakwambia jambo nililokuficha tangu tungali vijana.

Ile telegramu uliyonitumia, "Mama hoi, anakuita," haikuchelewa. Mwalimu mkuu alinikabidhi mkononi Jumamosi asubuhi, basi la kusini bado halijaondoka. Siku ile tulikuwa na mechi kubwa. Nikajiambia mama amewahi kuugua akapona, nitaondoka kesho. Nikaikunja ile karatasi, nikaiingiza ndani ya soksi ya kushoto, nikacheza. Nilifunga mawili. Watu wakanibeba juu juu, na karatasi imo ndani ya soksi.

Nilipofika nyumbani mlikuwa mmeshamzika. Ukanikumbatia, ukasema, "Pole kaka, posta wametuponza." Nikanyamaza. Ukamnunia yule karani wa posta miaka yote, hata mazikoni kwake hukwenda. Nami nilijua, na bado nikanyamaza.

Mabao niliyofunga ni mengi, mengine nimeyasahau kabisa. Yale mawili sijayasahau, na nayachukia.

Nisamehe, mdogo wangu. Ukikataa sitanung'unika, tutauzika hapa. Ukikubali, Rajabu ataazima gari na kuuleta mwenyewe, umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Hauhitaji kusaliwa wala kukusanya watu. Shimo dogo tu, miguuni pa mama. Barua hii anakuletea mkwe wangu, mke wa Rajabu, anakuja kuwaona wazazi wake. Mpe jibu ampigie mumewe kabla ya Alhamisi. Neno moja linatosha.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu, umwambie bado nampenda japo alizoea kunipiga. Halafu nenda kwa watoto wa yule karani. Waambie baba yao hakuwa na kosa, na kwamba anayesema hivyo ni mimi.

Mama aliniita nikiwa mzima mzima, nikachelewa. Safari hii nimtangulizie huo mguu, mengine yatafuata.

Kaka yako,
Issa