Gumba Lako, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimechoka, baba. Nikitoka maabara pale chuoni Dodoma nafika chumbani, navua viatu, nakaa tu.

Unakumbuka nilipokuja Mpwapwa na ule utepe mweusi? Ulikuwa umepooza upande wa kulia. Nikaufunga kwenye kidole gumba chako cha kulia, nikakueleza: huu ni mpira tuliouchanganya na chembe za kaboni ndogo mno, macho hayazioni. Ukivutika kidogo tu unatoa umeme wake wenyewe, hautaki betri, na simu inachora mstari kila kidole kikijaribu kusogea. Ukacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Kumbe kidole changu kimekuwa bwawa la umeme la Mtera!" Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki ile ya kwanza ilimba yako ilikuwa mapajani, ile marimba ya vidole gumba uliyoipiga kwenye kila harusi ya ukoo wetu. Tulijua huwezi kuipiga tena, unaishika tu. Mimi, msomi wako, nikaona mstari unarukaruka, nikasema ilimba inautikisa utepe, inaniharibia vipimo. Nikaomba niiondoe. Ukaiachia. "Haya, mwanangu. Itundike."

Nikaitundika ukutani. Mstari ukatulia, nami nikafurahi. Loo, nilifurahi, baba! Ukafariki kabla sijaishusha.

Jumamosi nilikuja nyumbani, nikafungua vipimo vya ile wiki ya kwanza niliyoiandikia "hitilafu". Nikamwonyesha mama mstari ukipita kwenye simu. Akaanza kugonga meza kwa kidole, akifuata miruko: miwili ya haraka, mmoja, kimya, miwili tena. "Si wimbo wake wa mavuno huu?" Kisha akarudi kukoroga mlenda wake.

Kidole kilikuwa kinaanza kurudiwa na nguvu. Ulikuwa unapiga, na mimi ndiye niliyekunyang'anya. Wenzangu wanasema nisijilaumu, ugonjwa ulikuwa mkubwa. Huenda. Lakini kweli majuto ni mjukuu, na huyu wangu hanipi usingizi.

Nimeishusha ilimba, baba. Nimejaribu kuufuata mstari wako, nimekosea kila mahali. Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Polepole! Baba yako alikuwa anaanza na gumba la kulia."

Kwenye ile wiki nimefuta neno "hitilafu". Nimeandika: baba anapiga.

Pumzika, baba. Unisamehe.

Ni mimi, binti yako.